Kana na gurudumu la usukani

Kana ni mpini wa mbao au chuma unaofungwa kwenye kichwa cha usukani wa chombo cha majini ili kuugeuza. Gurudumu la usukani hufanya kazi hiyohiyo, lakini kwa kupitia nyaya, minyororo au meno ya chuma. Katika mashua za tanga njia zote mbili hutumika hadi leo. Zenye urefu chini ya mita 9 hivi karibu zote zina kana. Zinazozidi mita 12 nyingi zina gurudumu. Ubishi uko katikati, ambako mwenye mashua anaweza kuchagua.

Namna zinavyofanya kazi

Kana ni wenzo. Ikisukumwa kushoto, ubapa wa usukani huenda kulia na omo huelekea kulia. Mabaharia wa mashua na ngalawa za pwani ya Afrika Mashariki hukua na jambo hili, lakini mgeni aliyezoea gari hukosea mara nyingi siku za kwanza. Gurudumu huzungushwa upande uleule ambao chombo kinatakiwa kwenda. Nyaya zake hupita kwenye makapi mpaka kwenye kipande cha nusu duara kilichofungwa katika mhimili wa usukani, na mpango huo huzidisha nguvu ya mkono.

Historia

Meli za Ulaya zilipokuwa kubwa, kana zake zilihitaji watu kadhaa kuzishika wakati wa dhoruba. Gurudumu lilianza kutumika mwanzoni mwa karne ya 18. Kamba zake zilifungwa kwenye kana iliyobaki chini ya sitaha, na kwa sababu hiyo amri ziliendelea kutaja upande wa kana, si upande wa meli. Usiku wa tarehe 14 Aprili 1912 afisa wa zamu wa Titanic, William Murdoch, alitoa amri ya "kulia", na gurudumu likazungushwa kushoto, kama ilivyokuwa desturi. Mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini wa mwaka 1929 ndio uliotaka amri zitaje upande ambao omo litaelekea.

Mkono unachohisi

Tofauti kubwa kwa anayesafiri kwa tanga ni habari zinazofika mkononi. Upepo ukizidi, mashua hulala upande na omo hutaka kugeukia kunakotoka upepo. Mshika usukani huizuia kwa kuvuta kana upande wa goshi. Uzito huo huusikia begani, na pembe ya kana huonekana na kila aliye ndani. Usukani uliopinda sana hukata maji kwa ubavu na kuwa breki. Kana inayovuta hivyo humwambia nahodha apunguze tanga, na humwambia mapema.

Gurudumu huficha sehemu ya habari hiyo. Mzigo umegawanywa na makapi, na msuguano wa nyaya hula kiasi cha hisia iliyobaki. Mtu anaweza kuongoza mashua iliyozidiwa na tanga kwa muda mrefu akiona mambo ni shwari. Kwa anayejifunza, hasara hiyo ni kubwa kuliko faida ya kutochoka.

Hata hivyo, kuchoka si jambo dogo katika safari ya siku nyingi, na hapo wenye gurudumu wana haki. Lakini ukubwa peke yake hauamui. Mashua za mashindano za aina ya IMOCA, zenye urefu wa mita 18 hivi, nyingi huongozwa kwa kana. Usukani wenye sehemu ya ubapa mbele ya mhimili husaidiwa na maji yenyewe, na mzigo hupungua.

Nafasi, gharama na kuharibika

Kana hufagia sehemu ya kukaa wakati wa safari, na abiria hulazimika kuihama. Mashua ikitia nanga huinuliwa juu na nafasi yote hubaki wazi. Gurudumu hukaa palepale siku zote, ingawa nguzo yake hufaa kwa kuweka dira na kushikilia. Mtambo mdogo wa umeme wa kushika njia hufungwa kwenye kana kwa urahisi na kwa bei nafuu zaidi.

Kana ikivunjika, kipande cha mbao imara kinaweza kushika nafasi yake. Waya wa gurudumu ukikatika, chombo hakina mwongozo mpaka kana ya dharura ichomekwe kwenye kichwa cha mhimili, chini ya kifuniko kilicho sakafuni. Katika baadhi ya mashua kana hiyo ni fupi mno au hugonga nguzo ya gurudumu inapogeuzwa, kwa hiyo hujaribiwa bandarini kabla ya safari.