Kisumu Hadi Mwanza kwa Njia ya Ziwa

Msafiri aliyeko Kisumu na anayetaka kufika Mwanza kwa gari ana njia mbili mbele yake. Zote mbili hupita Ahero na huandamana mpaka Katito, na hapo hutengana. Moja hupanda milimani kwa Sondu, Oyugis na Kisii, kisha ikateremka Migori. Ndiyo njia ya mabasi na ya wenye haraka. Ya pili hukata mkono wa kulia ikalifuata ziwa kupitia Kendu Bay hadi Homa Bay, na ndipo ikageuka kuitafuta Migori. Hii ya pili ndiyo tunayoipendekeza kwa jamaa zinazosafiri na wazee na watoto.

Yametufikia haya kwa sababu jamaa moja ya hapa pwani ilitujia hivi karibuni kutaka shauri. Bibi yao, ambaye umri wake umepita miaka sabini, ana kaka yake Mwanza ambaye hawajaonana kwa zaidi ya miaka ishirini. Mjukuu wake wa kike ameolewa Kisumu, na kwake ndiko watakakofikia kwanza. Vijana watakaoendesha gari walikuwa wamekwisha kupiga hesabu yao: kuondoka Kisumu baada ya alfajiri na kulala Mwanza usiku uo huo. Walilotuuliza lilikuwa dogo, la swala njiani. Tukawajibu, kisha tukaomba ruhusa ya kuivuruga ile hesabu.

Kwanza, zaidi ya kilomita 400 na mpaka mmoja katikati si mzigo wa kumtwika mwanamke wa umri huo kwa siku moja. Na safari ya namna hiyo aghalabu huishia gizani, barabarani pana ng'ombe, baiskeli na bodaboda zisizo na taa. Pili, tuna lalamiko letu la siku nyingi. Watoto wetu hufunzwa habari za Gede, Pate na Ngome ya Yesu, na vyema wafunzwe. Walakini wengi hukua wakidhani kuwa historia inaishia Mariakani, na kwamba huko bara hapakuwa na kitu mpaka misafara yetu ilipofika. Dhana hiyo ni kiburi, na tena si kweli. Njia ya ziwa huiondoa bila ya mtu kuhutubiwa.

Kisumu yenyewe yatosha siku nzima. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika hapo Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, kwa jina la Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Kabla ya reli kufika, meli William Mackinnon ililetwa vipande vipande kutoka pwani, sehemu ya njia ikiwa juu ya mabega ya wapagazi, ikaungwa na kuteremshwa majini mwaka 1900. Mtoto wa Mombasa aambiwe hayo akiwa amesimama ufukweni na kuyatazama maji. Kisha apelekwe Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, akaone boma la Kijaluo lilivyopangwa: nyumba ya mke wa kwanza pahala pake, ya wa pili pahala pake, na za wana wa kiume karibu na lango. Swala ya adhuhuri iswaliwe Msikiti wa Jamia, ulio katikati ya mji.

Kutoka Kisumu, bibi akalishwe nyuma ya dereva. Ziwa litakuwa upande wake wa kulia, na hali ni hiyo hiyo baadaye kule Tanzania. Baada ya uwanda wa Kano na majaruba ya mpunga ya Ahero, barabara ya Katito huelekea magharibi, milima ikiwa kushoto na Ghuba ya Winam kulia.

Kendu Bay ni mji mdogo ambao zamani ulikuwa bandari ya meli za ziwani na soko la wafanyabiashara wa Kihindi. Waislamu wake wengi ni Wajaluo, na Uislamu wao si wa jana. Katika eneo hilo, Kanyadhiang', ndiko alikotoka Hussein Onyango Obama, aliyesilimu na baadaye akahamia Kogelo; mjukuu wake, Barack, akaja kuwa rais wa Marekani. Tungependa gari lisimame hapo kwa swala, na watoto wasalimiane na watoto wenzao. Wataisikia Fatiha ile ile kwa lafudhi nyingine.

Karibu na mji huo kuna Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi ndani ya shimo la volkeno, ambalo korongo wekundu waitwao heroe hulizuru. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na kijiji. Usiku mmoja wa karamu alifika kikongwe mgeni, mchovu na mwenye njaa, akafukuzwa mlango hata mlango, isipokuwa kwa mwanamke mmoja aliyempokea. Kikongwe akamwonya mwanamke yule aondoke, na maji yakakifunika kijiji na watu wake. Tuliposimulia kisa hiki, bibi alisema kuwa ni lazima apaone. Vijana wakanyamaza.

Usiku wa kwanza ulalwe Homa Bay, chini ya mlima Asego. Bibi aliuliza jambo moja tu kuhusu mji huo, kama nyumba ya wageni ina ngazi. Swali hilo liulizwe kwa simu kabla ya kulipia chumba. Chakula ni samaki, sato au sangara, naye hana mashaka. Kwa nyama, muulize mwenye hoteli ni nani aliyechinja. Wenye siku ya ziada waweza kwenda Mbita na kisiwa cha Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969.

Asubuhi ya pili ndiyo tunayoitilia mkazo. Kwa njia ya Rodi Kopany na Ndhiwa hufikiwa Thimlich Ohinga, maboma ya mawe yaliyojengwa bila ya udongo wala chokaa, jiwe likishikwa na jiwe. Kuta zake zina unene wa kama mita moja, na penginepo kimo chake hupita mita nne. Milango yake ni mifupi kwa makusudi: anayeingia sharti ainame, na aliyeinama hawezi kurusha mkuki. Wataalamu wakisia kuwa zilijengwa karne ya 16, karne ile ile ambayo Wareno walianza Ngome ya Yesu, mwaka 1593. Mwaka 2018, katika kikao kilichofanyika Manama, Bahrain, UNESCO iliyaingiza maboma hayo katika Urithi wa Dunia. Ngome yetu ilijengwa na mgeni kwa ajili ya kututawala. Hii waliijenga wenyeji kwa mikono yao wakijilinda wao na ng'ombe wao. Mzazi asiseme zaidi ya hapo. Awaache watoto waguse mawe.

Kutoka hapo ni Migori, kisha Isebania, na ng'ambo ya mpaka ni Sirari. Usiku wa pili ulalwe Tarime. Siku ya tatu ni nyepesi: Butiama, alikozaliwa Mwalimu Nyerere mwaka 1922 na alikozikwa mwaka 1999, kisha Bunda na Magu, ziwa kulia, na kabla ya Asri mko Mwanza.

Ama swali la vijana: safari hii yapita masafa ya kupunguza swala, hivyo adhuhuri na alasiri zaweza kukusanywa rakaa mbili mbili, na magharibi na isha vivyo hivyo, isipokuwa magharibi hubaki tatu. Ruhusa huanza mkishauacha mji. Bibi, kwa kuwa amenuia kukaa kwa kaka yake mwezi mzima, ataswali kamili tangu afikapo. Vijana watakaorudi baada ya siku mbili waendelee kupunguza.

Mpakani wataulizwa pasipoti, kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kitabu cha gari na bima ya kuvuka mpaka. Chanjo ichomwe siku kumi kabla ya safari. Na ikiwa gari si la dereva, achukue barua ya mwenyewe iliyothibitishwa na wakili.