Ubwiriunga na ulinzi wa maua ya mkorosho

Ubwiriunga ni ugonjwa wa kuvu unaoshambulia sehemu changa za mkorosho: machipukizi, majani teketeke, maua, pamoja na mabibo na korosho zinazoanza kutunga. Dalili yake ni unga mweupe juu ya shada la maua. Ua lililopatwa hugeuka kahawia, hunyauka na kupukutika. Mti hubaki na kivuli kizuri, lakini mkulima huambulia patupu.

Nchini Tanzania ugonjwa huu ulitambuliwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna tani zipatazo 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Ubwiriunga haukuwa sababu pekee. Bei ilikuwa ndogo, na watu waliohamishiwa vijiji vya ujamaa waliacha mikorosho yao mbali, mashamba yakageuka vichaka. Kwa maeneo ya kusini kama Kitangari, Newala na Masasi, ambako korosho ndiyo ada ya shule na bati la nyumba, hasara hiyo iliingia kila kaya.

Watafiti wa kituo cha Naliendele, karibu na mji wa Mtwara, walichunguza mwenendo wa kuvu hiyo. Haihitaji mvua; hustawi kwenye ubaridi na unyevu wa hewa wa kiangazi, kuanzia mwezi Juni, wakati uleule mikorosho inapochanua. Mvua zikinyesha, hujificha kwenye maotea yaliyo kivulini ndani ya mti, kisha upepo huisambaza msimu ukirudi. Ndiyo maana kupogoa maotea hayo mapema ni sehemu ya tiba.

Kinga iliyoenea ni salfa ya unga. Ushauri wa kawaida umekuwa gramu 250 kwa mti, kila baada ya siku 14, hadi mizunguko mitano, kuanzia maua yanapochomoza. Hupulizwa alfajiri, upepo ukiwa umetulia na majani yakiwa na umande wa kuunasa unga. Salfa hulinda ua zima. Haifufui lililokwisha kuungua. Aidha, ikitumika miaka mingi huongeza tindikali katika udongo wa kichanga. Kwa hiyo utafiti umeelekea pia kwenye mikorosho inayostahimili ugonjwa, ambayo vikonyo vyake hubebeshwa kwenye miche au kwenye miti mikongwe iliyokatwa.

Adui mwingine ni mbu wa mikorosho, mdudu anayefyonza utomvu wa machipukizi na kuacha vidonda vyeusi, hadi ncha za matawi zikafa. Huyu ana mwindaji wake: maji moto, chungu wekundu wanaoshona viota vya majani mtini. Faida ya chungu hao ilichunguzwa Zanzibar miaka ya 1950 na mtafiti M. J. Way, katika minazi. Viuadudu vikipulizwa ovyo huwaua walinzi hao pamoja na mbu.

Magugu nayo hunyang'anya mti maji na rutuba, huficha korosho zilizoanguka na hulisha moto wa kiangazi. Palizi husafisha njia ya mvunaji na kuuepusha mti na moto huo.

Mkulima anayepogoa, anayepalilia na kukagua maua kila wiki huuona ubwiriunga ungali mchache. Huo ndio wakati salfa inapofaa.