Mvua, Upepo na Baiskeli: Jinsi Mwili Unavyopoteza Joto

Leo nakupeleka mbali, hadi pwani ya Norway, Ulaya ya kaskazini, halafu tutarudi nyumbani na mtoto mgongoni.

Mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha uuguzi anaishi huko na mumewe. Siku moja ya mwezi wa Juni walitoka mji wa Stavanger asubuhi kwa baiskeli, wakashika njia ya pwani kwenda kusini hadi Egersund, safari ya zaidi ya kilomita 80. Juni ni kiangazi chao, na jua huchelewa kutua hadi karibu saa tano usiku. Lakini usifikiri kulikuwa na joto. Kipimajoto kilisoma digrii 11, na manyunyu hayakukatika tangu walipofunga mlango wa nyumba.

Digrii 11 si baridi ya kutisha. Asubuhi ya Julai kule Limuru hufika hapo, na watoto wanakwenda shule. Ndiyo maana nataka usikilize vizuri yaliyowapata.

Sehemu hiyo inaitwa Jæren. Ni nchi tambarare, mashamba ya ng'ombe na kondoo yamezungushiwa kuta za mawe, na miti ya kukinga upepo ni michache. Upepo unatoka Bahari ya Kaskazini na kukupiga kifuani. Hata hivyo asubuhi yote walifurahia. Walikuwa wakikanyaga pedali kwa nguvu, na misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi, kama injini ya matatu inavyopata moto ikipanda mlima. Mume hata alifungua zipu ya koti kidogo kwa sababu alikuwa anatoka jasho.

Hapo ndipo shida ilipoanza, ingawa hakuna aliyeiona. Juu alivaa koti la mvua zuri, lakini ndani alikuwa na fulana ya pamba. Pamba hunywa maji na kukaa nayo. Jasho lilijaa ndani, mvua ikaingia shingoni, fulana ikagandamana na ngozi. Mkewe alikuwa amevaa fulana ya sufu. Sufu hata ikipata unyevu bado hushika joto kiasi. Wenyeji wa Norway wana msemo kwamba hakuna hali mbaya ya hewa, kuna nguo mbaya tu, na watoto wao wa chekechea hutolewa nje kucheza mvua ikinyesha. Lakini kwanza huvalishwa sufu ndani, kisha nguo nzito, halafu nguo ya mvua juu kabisa.

Walipofika Brusand, baada ya zaidi ya kilomita 50, gurudumu la nyuma la mume lilipata pancha. Kando ya barabara hapo kuna safu ndefu ya mawe ya saruji, yamechongoka kama meno, yaliyowekwa na Wajerumani wakati wa vita vya pili vya dunia ili kuzuia vifaru. Akachuchumaa karibu na meno hayo akaanza kutoa tairi. Ilichukua kama dakika 25.

Mwenzangu aliniambia kwamba mwanzoni alimwona anatetemeka, akaona ni kawaida. Kisha akaangusha pampu mara mbili. Akashindwa kufunga kifuniko cha valvu, kitu ambacho hata mtoto angefunga. Alipoulizwa kama yuko sawa, alijibu kwa hasira, na maneno yakatoka mazito kama ya mtu aliyelewa. Hajaonja pombe siku hiyo.

Mama, joto la kawaida la mwili ni karibu digrii 37. Likishuka chini ya 35, ubongo na misuli huanza kufanya kazi vibaya. Maji huondoa joto mwilini takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na upepo unapokausha nguo iliyolowa, huondoa joto zaidi. Alipokuwa akiendesha, mwili ulitengeneza joto la kufidia lile lililopotea. Aliposimama, injini ilizimika lakini upepo haukusimama. Tena hakuwa amekula tangu asubuhi, na kutetemeka kunahitaji chakula, kama moto unavyohitaji kuni. Mgonjwa mwenyewe ndiye wa mwisho kujua. Anasema yuko sawa. Ukimwona anapepesuka, anaangusha vitu na anasema ovyo, usibishane naye.

Mkewe hakubishana. Aliacha pancha, akamshika mkono hadi kituo cha treni, akamkinga upepo. Akamvua nguo zote za juu zilizolowa, akamkausha, akamvalisha sweta kavu na kofia, akamkumbatia kifua kwa kifua ndani ya koti lake. Alipoona anaweza kumeza bila shida, akampa chai ya sukari kutoka kwenye chupa. Hakumsugua mikono wala miguu, kwa sababu kumsugua mtu aliyepoa sana kunaweza kumdhuru. Pombe pia ni mwiko. Hukufanya uhisi joto huku inalitoa nje. Baada ya muda akaanza kuongea sawasawa. Egersund walifika kwa treni, na baiskeli zao.

Sasa turudi kwetu. Huko Norway wazazi wengi hubeba watoto kwenye kiti nyuma ya baiskeli. Mzazi anakanyaga na kutoka jasho, mtoto amekaa tu, na baridi inampata yeye. Je, si ndivyo ilivyo kwako unapopanda kilima kwenda kliniki, mvua inanyesha, na mtoto yuko mgongoni? Wewe unatembea, una joto, unadhani naye ana joto. Mtoto mdogo hupoa haraka kuliko wewe, na yule mchanga kabisa hawezi kutetemeka vizuri ili ajipashe moto. Usimpime kwa jinsi unavyojisikia mwenyewe. Simama mahali pakavu, ingiza mkono umguse kifua na mgongo. Kama leso imelowa, ibadilishe, hata kama umebakiza hatua chache. Beba ya pili kavu kwenye mfuko usioingiza maji, na kofia.

Akiwa amepoa, mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mweke ngozi kwa ngozi kifuani mwako, mfunike nyote wawili kwa blanketi na umnyonyeshe. Usimweke karibu na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hewa yake huua bila harufu. Na usimwoshe mtoto mchanga kabla ya kupita saa 24 tangu azaliwe.

Mtoto akiwa baridi kifuani, amelegea, analia kwa sauti ndogo au anakataa kunyonya, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo, ukiwa umemshikilia ngozi kwa ngozi njia nzima.