Unauza jaketi la kuzamia? Pima kwanza, posti baadaye

Wauzaji wenzangu, mteja anayesafiri kwenda kuzamia haanzi na rangi, anaanza na kilo. Begi la ndege mara nyingi mwisho kilo 23. Jaketi la kujaza hewa, wazamiaji wanaliita BCD, la kawaida hufika kilo 4 hivi. Jepesi la safari ni 2 hadi 3. Mimi naweka kwenye mzani, napiga picha namba, naposti.

Saizi: alijaribu juu ya suti yake ya kuzamia. Likijaa hewa lisimbane kifua.

La mtumba? Lijaze, liache nusu saa. Likilegea usiuze, hata kwa bei ya kutupa.

Na usiandike "jaketi la kuokoa maisha". Mtu akizimia majini, hili halina uhakika wa kumgeuza uso juu. Tangazo lako linaweza kumuua mtu.