Harrison Schmitt na Udongo wa Mwezi

Taaluma ya rasilimali za anga, yaani utafiti wa madini, maji na gesi zinazoweza kupatikana nje ya Dunia, ina wahandisi na wanasayansi wengi, lakini ni nadra mno kumpata kati yao aliyewahi kuukanyaga udongo anaoufundisha. Harrison Schmitt aliukanyaga. Alizaliwa mwaka 1935 katika mji wa Santa Rita, jimbo la New Mexico nchini Marekani, ambako shimo la machimbo ya shaba liliendelea kupanuka hadi likaumeza mji wenyewe, na baba yake alikuwa mwanajiolojia wa migodi.

Baada ya kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Harvard mwaka 1964, alifanya kazi katika kituo cha serikali cha uchunguzi wa jiolojia huko Flagstaff, na mwaka uliofuata NASA, shirika la anga la Marekani, ilimteua katika kundi lake la kwanza la wanaanga wanasayansi. Wengi wa wenzake walikuwa marubani, hivyo alishughulika sana na mafunzo ya kuwawezesha kuisoma miamba, na kwa hakika ualimu wake ulianzia hapo.

Desemba 1972 alitua Mwezini na Eugene Cernan katika safari ya Apollo 17. Ukingoni mwa kasoko iitwayo Shorty, buti zake zilitifua vumbi la kijivu na chini yake ukatokeza udongo wa rangi ya machungwa. Alipandisha kioo cha kujikinga na jua ili ahakikishe kwamba macho hayamdanganyi, kisha akachimba mfereji mdogo. Maabara zilibaini kuwa udongo huo ni punje ndogo mno za kioo zilizorushwa na volkano yapata miaka bilioni 3.6 iliyopita, na mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba ndani ya baadhi yake kumehifadhiwa maji.

Baadaye Schmitt aliingia katika siasa na kuwa seneta, na baada ya hapo alijiunga na mhandisi wa nyuklia Gerald Kulcinski katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison, wakafundisha somo la rasilimali za anga lililounganisha jiolojia, uhandisi, sheria na uchumi. Alichokitetea zaidi ni heliamu-3, gesi adimu ambayo upepo wa jua, yaani mkondo wa chembe zitokazo kwenye Jua, umeipenyeza katika vumbi la Mwezi, na ambayo viini vya atomu zake vikiunganishwa hutoa nishati. Hesabu yake ni ngumu: tani 1,000 za vumbi zina gramu 10 au 20 tu za gesi hiyo, na hadi sasa hakuna mtambo unaozalisha umeme wa kuuza kwa njia hiyo. Hata hivyo, vumbi likichomwa kwa nyuzijoto 700 hivi hutoa pia hidrojeni, ambayo ikiungana na oksijeni iliyomo katika madini ya udongo huo huwa maji, kwa hiyo mchimbaji wa Mwezini angepata maji ya kunywa na mafuta ya roketi muda mrefu kabla ya kujaza mtungi mmoja wa heliamu.