Mbolea ya ngombe na mbuzi: inapotelea wapi mbele ya kufika kwa mumea?

Wandugu wa koperativi, mara nyingi tunasikia neno hili: «Niliweka mbolea ya ngombe, lakini maharagi hayakubadilika.» Mbele ya kusema mbolea ni mubaya, tufuate safari yake tokea kiraro mpaka kwenye mizizi. Hapa kwetu Kivu, ngombe wengi waliporwa wakati wa vita, na familia nyingi zimebaki na mbuzi ao simbiliki tu. Hatuna mbolea ya kutupa.

Vyakula vitatu

Mumea unahitaji vyakula vingi, lakini tufuate vitatu: azoti, inayokuza majani, fosfori, ya mizizi, maua na mbegu, na potasi, inayojaza ndizi, viazi na muhogo. Kila kimoja kiko na njia yake ya kupotea.

Tani moja ya mavi mabichi ya ngombe iko na karibu kilo 4 ao 5 za azoti, sababu sehemu kubwa ni maji. Mufuko wa urea wa kilo 50 uko na kilo 23. Basi inaomba tani karibu 5 za mavi ili kulingana na mufuko moja. Nusu ikipotea, inaomba tani 10!

Ndani ya kiraro

Fosfori karibu yote inatoka na mavi. Lakini potasi nyingi, na karibu nusu ya azoti, inatoka na mukojo. Kama chini ni udongo mutupu, mukojo unazama, na chakula kimeenda. Mutandike majani makavu, mabua ya mahindi ao maganda ya maharagi. Hayo yanakunywa mukojo, kisha yanaenda kwenye rundo.

Ndani ya rundo

Ile harufu kali inayochoma macho ni azoti inapanda hewani. Muongeze majani makavu: vijidudu vinayakula na kuishika azoti ndani ya miili yao. Muingize fimbo katikati ya rundo; ikitoka na moto, kazi inaendelea. Joto likipita digri 55, mbegu nyingi za majani mabaya zinakufa. Mugeuze rundo kila wiki 2 ao 3, sababu vijidudu vinahitaji hewa.

Maji meusi yanayotiririka chini ya rundo wakati wa mvua ni azoti na potasi zinakimbia. Mufunike na majani ya ndizi, ao mujenge paa kidogo. Mbolea iliyoiva inanuka kama udongo wa pori, na haina moto tena.

Ndani ya udongo

Mumea hauli mavi. Mizizi inakunywa tu kile vijidudu vimekwisha kuvunja na maji yamekwisha kuyeyusha. Kwa hiyo musimu wa kwanza unatoa sehemu ndogo tu ya azoti ya mbolea. Ingine inafuata pole pole katika misimu ya nyuma. Musikate tamaa mapema.

Katika udongo wetu mwekundu wenye uchungu, chuma na aluminiamu vinakamata fosfori na kuinyima mizizi. Musimwage mbolea kidogo kidogo shamba nzima. Muiweke ndani ya shimo ao mustari, karibu na mbegu. Maharagi yanajitafutia azoti hewani kwa njia ya vifundo vya mizizi, lakini bila fosfori vifundo hivyo havifanyi kazi vizuri.

Majani nayo yanasema. Ya chini yakigeuka manjano, mara nyingi azoti inakosa. Mahindi machanga yakipata rangi ya zambarau, ni fosfori. Pembeni ya majani ya zamani ikiungua, ni potasi.

Mulango wa mwisho: soko

Tani moja ya ndizi inayoenda Bukavu ao Goma inabeba karibu kilo 5 za potasi. Pesa inarudi nyumbani, potasi hairudi. Basi maganda tunayomenya nyumbani, tuyape mbuzi, na mavi yao yarudi chini ya migomba.

Kazi ya kikundi

Musimu huu, mutengeneze marundo mawili sawasawa: moja lifunikwe, lingine libaki wazi. Kila moja liende kwenye kipande chake cha maharagi, kipimo kimoja na mbegu moja. Wakati wa mavuno mupime kilo za kila kipande, muziandike, na muzilete kwenye mukutano wa koperativi. Hizo kilo njo zitatuonyesha mvua ilituibia kiasi gani.