Upinde wa Roda na Matengenezo Yake Porini

Upinde si kitu kigeni kwetu. Hata leo Mhadzabe wa pande za Ziwa Eyasi, katika Tanzania, huwinda kwa upinde wa mti mmoja, na upote wake ni kano za mnyama. Upote ukikatika, husokota mwingine; mshale ukipinda, huupasha moto na kuunyosha. Karibu kila kitu akihitajicho kwa matengenezo hukipata porini humo humo.

Leo nataka kuwaeleza habari za upinde wa namna nyingine, utumiwao sana na wawindaji wa Marekani. Huo haukubali kutengenezwa ovyo, na asiyejua mipaka yake aweza kupoteza jicho.

Mwaka 1966 mtu mmoja wa Missouri, jina lake Holless Wilbur Allen, aliomba hati ya kulinda uvumbuzi wake, akaipata mwaka 1969. Alitia roda katika ncha mbili za upinde, yaani magurudumu madogo yenye mfereji wa kupitishia kamba, mfano wa roda za kutwekea tanga la jahazi. Katika upinde wa kawaida, kadiri uvutavyo ndivyo uzito uzidivyo, hata mkono hutetemeka. Lakini mhimili wa roda hizi hauko katikati, bali uko upande. Kwa hiyo mwanzo wa kuvuta ni mzito, kisha roda zikigeuka uzito hupungua ghafula. Upinde wa ratili 60, uliofanywa ili kupunguza sehemu 80 katika kila 100, humwachia mwindaji ratili 12 tu za kushikilia alengapo.

Basi sikilizeni sana hapa. Upinde wa kawaida waweza kuutoa upote kwa mikono yako. Upinde wa roda, hata ukiwa umetundikwa ukutani, mikono yake imebanwa kwa nguvu kubwa, wala upote wake haulegezwi ila kwa mtambo maalumu wa kuibana ile mikono, mfano wa jiliwa ya fundi. Kwa sababu hiyo kanuni ya matengenezo ya porini ni hii: kiwezacho kutengenezwa pasipo kulegeza upote, kitengeneze, kitakacho upote ulegezwe, rudi nacho nyumbani.

Sasa tutazame yale yawezekanayo. Kwanza, parafujo. Kila mshale utokapo upinde hutikisika, na parafujo za kiegemeo cha mshale na za kilengeo hulegea. Mwindaji mwenye akili huchukua funguo ndogo za pembe sita, naye huweka alama ya wino mahali pa kila kitu kabla ya kutoka nyumbani, ili kikisogea akirudishe pale pale. Parafujo kubwa zishikazo mikono ya upinde asizifungue porini, kwa kuwa ndizo zizuiazo ile nguvu.

Pili, kitanzi. Nyuma ya mshale, katika upote, hufungwa kitanzi kidogo cha kamba, na kifyatulio hushika hapo. Kitanzi kikichakaa chaweza kukatika wakati wa kuvuta. Mshale ukaruka upande usiotakiwa, na ngumi ya mvutaji ikampiga usoni. Dawa yake ni rahisi: kamba fupi ya akiba, kisu, kiberiti na koleo. Ncha za kamba huyeyushwa kwa moto ziwe vifundo, kamba ikafungwa juu na chini ya mahali pa mshale, ikakazwa kwa koleo. Ikifungwa juu au chini ya mahali pake pa zamani, mshale utapotoka.

Tatu, uzi uliozungushwa juu ya upote ili kuukinga usisuguliwe. Uzi huo ukianza kufumuka, huzuiwa kwa mafundo ya uzi imara; hata uzi wa kusafishia meno wafaa kwa muda. Lakini tazama vema: ikiwa kilichokatika ni nyuzi za upote wenyewe, usivute tena.

Nne, mishale. Mshale wa kaboni haupindi kama mti, bali hupasuka kwa siri. Ushike ncha mbili, uukunje kidogo huku ukiuzungusha, usikilize. Ukilia au ukionyesha ufa, uvunje usipigwe tena, maana waweza kupasukia mkononi na vipande vikaingia katika nyama.

Na yapi hayatengenezwi? Mkono wa upinde uliopata ufa, roda iliyopinda, na upote ulioruka nje ya mfereji wake. Gundi na kamba hazishiki nguvu kama hiyo. Tena, mtu asijaribu upinde kwa kuvuta na kuachia pasipo mshale. Mshale ndio uchukuao nguvu. Usipokuwapo, nguvu yote hurudi katika upinde, ukavunjika.

Baada ya matengenezo yoyote, piga kwanza mshale wenye kigumba butu katika udongo laini au kisiki kilichooza, mara mbili au tatu. Usipopiga ulipolenga, kuwinda kumekwisha kwa siku ile. Maana mshale uliopotoka kidogo haumkosi mnyama siku zote. Mara nyingine humjeruhi tu, akakimbia, akafa polepole mahali asipoonekana. Ni uchungu kwa kiumbe, na nyama haimfai mtu.

Ni vigumu kwa mtu aliyetembea tangu alfajiri kurudi mikono mitupu kwa ajili ya ufa mwembamba kama unywele. Lakini wazee walisema, heri nusu shari kuliko shari kamili. Siku moja ya kuwinda ikipotea, nyingine itakuja. Jicho likipotea halirudi.